Anza kwa Kulala: Mwongozo wa Yoga na Mapumziko kwa Mkazi wa Dodoma

Wanaoanza yoga hapa mjini wengi huanza kwa pupa. Wiki mbili za mwanzo ni kila alfajiri: mkeka mpya, video kwenye simu, na ahadi ya kugusa vidole vya miguu kabla ya Pasaka. Wiki ya tatu mtoto anaumwa, au bosi anataka ripoti kesho asubuhi, na zoezi linakatika siku nne tano hivi. Mtu akirudi anakuta mgongo umekaza, pumzi fupi, na alichokiweza juzi leo kimemshinda. Anasema "nimerudi nyuma", anakunja mkeka, na baada ya mwezi mkeka ule ule unaanikiwa mlenda uani.

Mwongozo huu unaanzia upande mwingine. Hapa mapumziko ndiyo zoezi la kwanza, mengine yanafuata kama nafasi ipo. Siku za kukatika zimo ndani ya hesabu tangu mwanzo, kwa hiyo zikija hazikushtui. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi, mwenye watoto, na mwenye ndoo za kujaza pindi mgawo wa maji unapofika mtaani kwake. Mwenye mwalimu wa kumfuata kila siku hautamhusu sana.

Vifaa: mkeka, blanketi moja, mto, kanga mbili, na ukuta usio na kitu mbele yake. Mkeka wa mpira wa dukani ni mzuri kwa sababu hautelezi, ila kwa nusu ya yaliyomo humu mkeka wa ukili unatosha kabisa.

Wanaopaswa kumwona daktari kwanza

Mwenye shinikizo la damu lililo juu na halijadhibitiwa, mwenye presha ya macho, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi mguuni: mwone daktari kabla hujaweka miguu ukutani au kuinamisha kichwa. Mjamzito aliyevuka nusu ya ujauzito asilale chali muda mrefu, maana uzito wa mfuko wa uzazi unabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Alale ubavu, wa kushoto ndio hupendekezwa, mto ukiwa katikati ya magoti. Na tumbo lisiwe limejaa. Baada ya ugali wa mchana subiri saa mbili au tatu.

Swali la dini huja kila mara, basi tulimalize hapa. Yoga ilizaliwa India, ndani ya mapokeo ya Wahindu, Wabudha na Wajaini, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Kwenye kibaraza chetu cha mazoezi, huku mtaa wa Ilazo, wanakaa Waislamu na Wakristo, na tunachofanya ni kulala, kupumua na kunyoosha viungo. Hatuimbi wala hatuombi chochote. Mwenye dukuduku amuulize shehe au mchungaji wake, kisha aamue kwa moyo mweupe. Akiona haimfai, hatua ya kwanza, ya pili na ya tano zitamsaidia hata asipolitaja neno yoga.

Hatua ya kwanza: chagua saa kwa kufuata hewa ya hapa

Maelekezo mengi ya yoga yanataka alfajiri. Dodoma ipo mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye nyanda kavu, na hali ya hewa yake inabadilika sana kati ya usiku na mchana. Juni na Julai alfajiri kuna baridi ya kukaza misuli. Mwili uliotoka blanketini saa kumi na moja hautaki kuvutwa. Miezi hiyo fanya jioni, au asubuhi jua likishapanda. Oktoba na Novemba ni kinyume chake: nyumba ya bati inabaki na joto hadi usiku, na alfajiri ndiyo yenye nafuu.

Kuanzia Julai hadi Septemba upepo unabeba vumbi. Funga dirisha la upande unakotoka upepo, na pangusa sakafu kwa tambara bichi kabla hujajilaza, maana ukilala chini kila kilichopo sakafuni kinaishia puani. Mwenye pumu aiweke dawa yake ya kuvuta mahali mkono unapofika.

Ukishapata saa, tafuta na ya pili ya akiba. Umeme ukikatika, wageni wakija, ya pili ipo.

Hatua ya pili: lala

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo penyewe.

Madarasani mkao huu huwekwa mwisho. Kwa Kisanskriti unaitwa savasana, mkao wa maiti. Mimi nauweka mwanzo, na sababu yangu ni ya kawaida tu: ukiuweka mwisho na muda ukakuishia, kinachokatwa ni mapumziko. Ukiuweka mwanzo, hata ukiitwa mlangoni baada ya dakika kumi, lililo kubwa umeshalifanya.

Kunja blanketi lifikie unene wa vidole vinne, uliweke chini ya kichwa na shingo. Mabega yabaki chini. Viringisha kanga mbili kwenye mto, uweke chini ya magoti. Ukisikia kiuno bado kimeinuka sana kutoka sakafuni, ongeza unene chini ya magoti hadi mgongo ushuke wenyewe. Miguu iachane, vidole viangukie nje. Mikono ikae mbali kidogo na mbavu, viganja vikitazama juu. Jifunike kitenge au shuka, kwa sababu mwili ukitulia unapoa, hata Novemba.

Kufumba macho si lazima. Aliyepitia mambo mazito huweza kuona kufumba kunamletea hofu. Ayaache wazi atazame sehemu moja ya dari, au alale ubavu akielekea mlangoni.

Sasa akili. Ipe vitu vitatu vya kushika, kimoja baada ya kingine.

Kwanza uzito. Kisigino cha kulia kimeegemea sehemu gani, nyuma kabisa au pembeni? Kuna baridi ya saruji inayopenya kwenye mkeka? Panda polepole: shavu la mguu, nyuma ya goti, paja, kalio, kiuno, kati ya mabega, kisogo. Huna haja ya kulegeza chochote kwa nguvu, unakagua tu kilichopo. Zoezi hili la kuukagua mwili sehemu kwa sehemu ndilo Jon Kabat-Zinn alilowapa wagonjwa wa maumivu sugu alipoanzisha programu yake kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Walifundishwa kuyatazama maumivu yalivyo kwa wakati ule, bila kuyaongezea hofu ya kesho.

Kisha sauti. Jioni ni rahisi, maana bati likianza kupoa linapiga: ta, kimya, ta-ta. Kuna kuku wa jirani, kuna bodaboda inayopandisha kona, kuna muadhini, kuna kwaya inayorudia ubeti ule ule kwa mara ya kumi. Usizipange za kupendwa na za kuchukiwa. Ukijikuta umeanza kumsema kimoyomoyo mwenye bodaboda kwa ekzosi yake, umeshaondoka chumbani. Rudi kwenye bati.

Mwisho pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu hadi tatu, toa ukihesabu hadi tano. Ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyovuta, mshipa wa fahamu uitwao vagasi unapata nafasi ya kupunguza mapigo ya moyo. Unaweza kulihakikisha mwenyewe: weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, usikie mapigo yakichelewa kidogo unapotoa na kuharakisha unapovuta. Mizunguko kumi inatosha, halafu acha kuhesabu.

Akili itaondoka. Itakwenda soko la Majengo kuangalia bei ya nyanya, itakwenda kwenye marejesho ya kikoba, itakwenda kujibu maneno ya juzi ambayo ulishindwa kuyajibu. Kugundua kwamba imekwenda ndiyo kazi yenyewe. Aliyeondoka mara thelathini na kurudi mara thelathini amefanya zoezi kuliko aliyelala dakika zote kumi akipanga harusi bila kujua kwamba anapanga.

Na anayesinzia? Alikuwa na deni la usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa usiku, na wengi mjini hapa hawazipati. Ukisinzia mara moja moja, sawa, umelipwa kidogo. Ukisinzia kila unapogusa mkeka, angalia unalala saa ngapi na simu unailaza wapi.

Kuinuka kuna utaratibu wake. Geuka ubavu, kaa hapo pumzi tatu, sukuma sakafu kwa mikono yote miwili, kichwa kije mwisho. Anayekurupuka hupata kizunguzungu kwa sababu damu inachelewa kufika kichwani.

Hatua ya tatu: jiulize leo ni siku gani

Uliza ukiwa bado umelala ubavu, kabla ya kuinuka. Siku ni za aina tatu.

Siku ya nguvu: ulilala vizuri, pumzi imetulia, mwili wenyewe unataka kujongea. Fanya hatua ya nne yote, na ukipenda ongeza mizunguko mitatu ya salamu ya jua kama unaijua.

Siku ya kati: mwili upo ila mzito. Chagua mikao miwili, basi.

Siku ya mkeka tu: umeshaimaliza. Inuka ukaendelee na shughuli zako, na uihesabu kuwa siku kamili.

Ugumu ni kwamba kichwa hupenda kudanganya. Anayejiona mvivu atajilazimisha siku ya nguvu, na anayeogopa atajificha kwenye mkeka tu wiki nzima. Kipimo ninachokiamini ni taya. Ukikuta umeuma meno hata baada ya dakika kumi za kulala, siku ya nguvu haipo leo, kichwa kiseme kitakavyo. Taya likiwa limeachia na bado huna hamu, jaribu mkao mmoja wa kujongea kisha uulize tena.

Hatua ya nne: mikao mitano

Patanjali, mwalimu wa kale wa India ambaye sutra zake, yaani mafundisho mafupi, ndizo nguzo ya yoga ya kale, alisema machache mno kuhusu mikao: iwe imara, iwe ya raha, na hayo hupatikana kwa kulegeza jitihada. Habari za kusimama kwa kichwa tunazoziona kwenye picha kila tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga inayoadhimishwa tangu 2015, hazimo humo. Kanuni ya kufuata kwenye yote mitano ni pua. Ukishindwa kupumua kwa pua kimyakimya, umekwenda mbali mno, rudi kidogo.

Mkao wa mtoto. Piga magoti, kaa juu ya visigino, inama mbele hadi paji la uso lifike kwenye mto. Magoti yaachane ili tumbo lipate nafasi. Pumzi kumi. Goti likiuma, weka blanketi lililokunjwa kati ya mashavu ya miguu na mapaja, au uache mkao huu.

Paka na ng'ombe. Mikono na magoti chini. Ukivuta pumzi, tumbo lishuke na kifua kifunguke. Ukitoa, mgongo upinde juu. Mara nane, taratibu. Fundi ujenzi na mshona nguo watauona utamu wake kuliko wote.

Mamba. Lala kifudifudi, mikono ikunjwe, paji la uso juu yake. Usikie tumbo likisukuma sakafu kila unapovuta pumzi. Unafaa sana kwa aliyekaa kwenye kompyuta mchana kutwa.

Miguu ukutani. Kaa ubavu ukutani, kalio likigusa ukuta, kisha geuka ulale chali huku ukipandisha miguu. Nyuma ya mapaja ikikaza, sogea mbali na ukuta kiasi cha shubiri moja au mbili na uache magoti yakunje kidogo. Blanketi lililokunjwa chini ya kiuno linaongeza raha. Dakika tano hadi kumi. Miguu ikifa ganzi, kunja magoti au shuka.

Mama mmoja anayepika na kuuza chakula karibu na soko la Sabasaba hufanya mkao huu peke yake. Anasimama jikoni tangu kabla ya jua, na jioni vifundo vimemvimba. Siku ya kwanza alikaa mbele ya ukuta akacheka sana. "Mwanangu, na utu uzima huu nipandishe miguu? Mzee wangu akinikuta atasema nimerogwa." Nikamwambia, "Mama, tutafunga mlango." Tulimfunga kanga moja kwenye mapaja ili miguu isiachane bila yeye kuishikilia, na nyingine tukamtandikia chini ya kisogo. Mikanda ya ndala ilikuwa imemchora mfereji juu ya kila mguu, unaoweza kulaza uzi ndani yake. Akaongea, akaongea, kisha akanyamaza. Aliposhusha miguu aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole pale palipokuwa na mfereji. Ulikuwa karibu kusawazika. Maji yaliyotuama vifundoni yanarudi kwa kushuka tu, hakuna muujiza. Ila uvimbe wa mguu mmoja wenye maumivu au joto, au uvimbe ambao asubuhi bado upo, upelekwe hospitali. Usiutibu kwa ukuta.

Mkao wa mlima. Simama, miguu sambamba, uzito ugawanyike sawa kati ya kisigino na vidole, mikono iachwe pembeni. Pumzi tano. Unaonekana si kitu, na ndio unaoweza kuufanya kwenye foleni ya benki bila mtu kujua.

Malizia ukiwa bado unatamani kuendelea. Anayemaliza akiwa hoi, kesho yake mwili utamtafutia sababu.

Hatua ya tano: daftari la maneno matatu

Kalenda za kuweka tiki zinaua watu moyo: tiki ishirini, kisha pengo, na pengo ndilo jicho linaloliona. Tumia daftari la kawaida la shule. Kila siku andika maneno matatu tu: usingizi ulikuwaje, mwili ukoje, ulifanya siku ya aina gani. Kwa mfano: "mfupi, mzito, mkeka tu." Siku uliyoikosa kabisa andika sababu kwa neno moja: "homa", "msiba", "safari". Usiandike "uvivu" hadi umeandika usingizi. Mara nyingi jibu lipo kwenye neno la kwanza.

Usilisome daftari kabla ya mwezi kuisha. Ukilisoma, tafuta mambo mawili: nini kilitangulia siku za nguvu, na nini kilitangulia mapengo. Mistari hiyo itapanda na kushuka, na kuna sababu za mwili. Msuli haujengeki wakati unaufanyisha kazi, unajengeka baadaye umepumzika. Kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, hupata damu kidogo na huzoea polepole kuliko msuli, ndiyo maana anayelazimisha kugusa vidole huishia kuumia chini ya kalio pale kano za nyuma ya paja zinapoanzia. Na mjongeo mpya ubongo huupanga usiku mtu amelala. Kwa hiyo usishangae ukirudi baada ya siku mbili za kupumzika ukakuta mkao umekaa vizuri kuliko ulivyouacha.

Patanjali naye aliorodhesha vikwazo tisa vya mtendaji. Kuna ugonjwa, kuna mashaka, kuna uvivu, kuna kushindwa kufika hatua inayofuata, na kuna kushindwa kubaki kwenye hatua uliyokwisha kuifikia. Hicho cha mwisho ndicho kinachowakunjisha watu mikeka, na karne zote hizo kimeandikwa pale kuwa ni jambo la njiani.

Watu wa Bahi na Chamwino hili hawahitaji kufundishwa. Huku mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi katikati, hasa Februari, inasimama. Uwele ulioota unanyauka mahali mahali. Mkulima haling'oi shamba lote. Anarudishia mbegu palipokufa na kusubiri. Mazoezi yako yana Februari yake.

Ijue basi Februari yako ni lini. Hili ndilo jambo ninalowasisitizia zaidi wafanyakazi wa serikali. Bunge la bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na maofisini ni majibu ya maswali, randama za bajeti, na taa zinazowaka hadi usiku. Mtu anayepanga kuanza zoezi kubwa mwezi wa Aprili anajitafutia lawama. Miezi hiyo mitatu iandike mapema kuwa ya mkeka tu, na ukipata siku ya kati shukuru. Kuanzia Julai, ofisi ikishapumua, panda. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) afanye hivyo kwa wiki za mitihani. Mwenye shamba afanye hivyo kwa wiki za kupalilia, kwani huko jembe limeshamnyoosha vya kutosha. Mwislamu mwezi wa Ramadhani asogeze mkao wa kulala uwe kabla ya futari, na mikao ya nguvu aiache au aifanye usiku baada ya chakula kushuka. Mwanamke anaweza kukuta siku za mwezi zina mtindo wake kwenye daftari. Akishauona, apange kwa kuufuata.

Hatua ya sita: kurudi baada ya kukatika

Usilipe deni. Ukikosa wiki, wiki imekwenda. Kuifidia kwa saa nzima ya Jumamosi ndiyo njia ya kukosa na wiki inayofuata.

Siku ya kwanza ya kurudi ni mkeka tu, hata kama unajisikia simba. Ya pili iwe siku ya kati. Ya tatu uliza taya. Aliyetoka kwenye malaria amalize dozi kwanza, na homa iwe imekwisha. Hata hapo mwili huchukua muda, maana malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na mtu anaweza kupanda ngazi chache akahema kama amebeba gunia. Mkeka tu, siku nyingi kadiri inavyohitajika, na ukiona weupe kwenye viganja na ndani ya kope, rudi kituo cha afya wapime damu.

Hatua ya saba: kuwaeleza wa nyumbani

Mtu aliyelala mchana watu humwona mgonjwa au mvivu, na mwanamke humwona hivyo mara mbili. Usilale kwa kujificha. Sema mapema, kwa sauti ya kawaida: "Nafanya mazoezi dakika kumi na tano, nitatoka saa moja kamili." Taja saa ya kutoka na uitimize, watoto wakishaona kwamba saa moja kweli mlango unafunguka, wataacha kugonga. Mama mkwe akiuliza ni mazoezi gani ya kulala, mwalike. "Karibu mama, jaribu na wewe, magoti yatakushukuru," hiyo imefanya kazi kuliko maelezo yote niliyowahi kusikia. Mwenye mume au mke anayeona ni mchezo, aombe wiki mbili tu za kuvumiliwa, na ampe kazi ya kuangalia saa.

Njiani pia kuna nafasi. Kwenye basi la kwenda Mtumba asubuhi, macho yakiwa wazi, sikia nyayo zote mbili zikikanyaga chini na utoe pumzi ndefu kila basi linaposimama kituoni. Dereva na mwendesha bodaboda wasifanye haya wakiwa kwenye usukani, wasubiri kijiweni.

Uchovu ambao mkeka hauuwezi

Ukipumzika wiki mbili tatu sawasawa na uchovu uko pale pale, nenda ukapime: damu, sukari, presha, na kwa mwanamke ujauzito. Huzuni isiyoondoka, kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, au mawazo ya kujidhuru ni ya kupeleka hospitali haraka, na Dodoma ina huduma ya afya ya akili tangu zamani pale Hospitali ya Mirembe. Kwenda huko hakumfanyi mtu kichaa. Na mkeka unaweza kuendelea sambamba na dawa, ukimweleza daktari.

Ukitafuta mwalimu

Mwalimu mzuri atauliza magonjwa yako kabla hajakuonyesha mkao wowote, na hatakusukuma mgongo kwa mikono yake bila ruhusa yako. Muulize alijifunza wapi na kwa nani. Kisha muulize darasa lake la saa moja lina dakika ngapi za kulala mwishoni. Akisema kati ya tano na kumi, kaa. Akisema "tukipata muda", tafuta mwingine.